SHERIA NA WEWE: Kumtoa Mpangaji



Mwezi huu tuzungumze habari ya mwenye nyumba na mpangaji.

Tuseme wewe unaishi Bweni, ng'ambo ya mto. Una nyumba mjini Pangani. Chumba kimoja umempangisha mchuuzi wa samaki kwa kodi ya mwezi. Sasa miezi mitatu hajalipa. Kodi hiyo ndiyo inayokununulia sukari na sare za watoto. Una haki ya kumtaka ahame. Lakini huna haki ya kumtoa kwa mikono yako.

Usibadilishe kufuli. Usiezue bati wala kung'oa mlango. Usimtupie vyombo nje. Wako wanaofanya hivyo, kisha wao ndio wanaoshtakiwa. Ukiamriwa kulipa godoro lililonyeshewa na redio iliyovunjika, huenda fedha hizo zikapita kodi unayodai!

Kwanza mwandikie notisi. Wengine bado hutaja sheria ya kudhibiti kodi ya 1984. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Siku hizi tunafuata Sheria ya Ardhi ya 1999. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Andika jina lake, sababu, na tarehe ya kuhama. Atie sahihi au dole gumba kwenye nakala yako. Akikataa, mpe mbele ya mjumbe. Na usipokee kodi mpya huku ukisema ahame. Huenda ikaonekana umekubali aendelee kukaa.

Mwezi ukiisha naye bado yumo, nenda Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 baraza hili haliamui kesi za ardhi, linapatanisha tu. Mimi ningependa shauri liishie hapo. Labda mtu ameugua, au bahari imechafuka na samaki hakuna. Anaweza kulipa kidogo kidogo. Mapatano yaandikwe.

Siku 30 zikipita bila mapatano, fungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza likiamuru mpangaji atoke, anayemtoa ni dalali wa baraza, si wewe na nduguzo.

Siku ya kwenda, chukua nakala ya notisi, mkataba, na kitabu cha stakabadhi. Kama mlikubaliana kwa mdomo, huo nao ni mkataba. Nenda na jirani aliyekuwapo mlipokubaliana.