Kinywa Kipimwe Kabla ya Akili Kuhukumiwa

Msomaji, wahenga walinena kwamba ulimi hauna mfupa. Walikusudia kutuonya kwamba ulimi ni mwepesi wa kutamka lolote, jema au baya. Methali hiyo ni ya kweli, lakini imetusahaulisha kwamba ziko ndimi zisizo nyepesi. Ulimi usio na mfupa hutegemea misuli na mishipa ya fahamu. Hiyo ikidhoofika, mwenye ulimi hulijua alitakalo kusema, na asiweze kulisema. Mtu huyo sisi humwita mjinga. Nasema kwamba neno hilo ni dhuluma.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Katika darasa moja huku Kianjai nilikuwa na mvulana aliyesoma polepole, kwa sauti ya puani, na mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Nilimrudisha katika sentensi ile ile mara tatu. Darasa likacheka, nami sikulikataza. Tangu siku ile hakuinua mkono tena. Nilipokusanya madaftari, niliona majibu yake ni sahihi kuliko ya wale waliomcheka. Nilikuwa nimeihukumu akili kwa ushahidi wa kinywa, na kinywa chenyewe hakuna aliyekuwa amekipima.

Kupima kinywa ni nini? Wengi hudhani ni kufunua mdomo na kutazama ndani. La hasha! Mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza hukitazama kinywa kikiwa kazini. Humwomba mtu atabasamu, ili aone kama pande mbili za uso huinuka sawasawa. Humwambia atoe ulimi. Ukipinda upande mmoja, aghalabu upande huo ndio dhaifu. Humwambia aseme "aa", ili aone kama kaakaa laini huinuka, maana hilo ndilo lifungalo njia ya pua. Ningaliyajua haya, sauti ya puani ya yule mvulana ingalinipeleka kwenye kaakaa lake, si kwenye akili yake. Kisha humtaka atamke pa, ta, ka, upesi upesi. Jaribu sasa hivi, msomaji: pa hufanywa kwa midomo, ta kwa ncha ya ulimi, na ka kwa shina lake. Silabi tatu hizo huanza kuonyesha mahali penye udhaifu. Wala kazi haiishii hapo. Mtaalamu husikiliza mazungumzo ya kawaida, hutazama mtu akitafuna na kunywa, na hutaka masikio nayo yapimwe. Tena hutenganisha ugonjwa na lafudhi: mtoto aliyelelewa katika Kimeru, akitamka Kiswahili kwa mapigo ya lugha ya mama, haumwi.

Asiyejali usemi, basi na aujali uhai. Kinywa kisemacho ndicho kimezacho. Mtu aliyepatwa na kiharusi, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo, aweza kupaliwa na uji, nao ukaingia mapafuni ukaleta nimonia. Kukohoa wakati wa kunywa, au sauti kuwa ya majimaji baada ya kumeza, ni onyo. Wako hata wasiokohoa kabisa, ambao huhitaji kupigwa picha za eksirei wakimeza. Nasi twafanyaje? Humlaza mgonjwa chali, tukamnywesha kwa nguvu, tukajihesabu wenye huruma.

Wapo watakaosema, "Mtoto atakua, yatakwisha yenyewe." Mengine huisha kweli, lakini bila kupima, nani atajua yapi yataisha na yapi yatadumu? Wengine hukimbilia kisu. Katika sehemu kadha wa kadha za Afrika ya Mashariki watoto wamekatwa kilimi, kile kinyama kininginiacho kooni, kwa kudhaniwa kwamba ndicho kiletacho kikohozi. Jeraha hilo limewaletea wengine kutokwa na damu nyingi na maambukizo. Ukano wa chini ya ulimi nao, ambao wakati mwingine ni mfupi kweli, si sababu ya kila kuchelewa kusema. Kisu kisitangulie kipimo.

Wengine watasema kwamba wataalamu ni wachache. Naam, ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya tiba hii mwaka 2008 tu. Walakini njaa haiwi sababu ya kukataa chakula kwa kuwa ni kidogo. Vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum na kuwaelekeza vilianzishwa Kenya mwaka 1984, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Mwalimu au mzazi anyamazaye hawezi kujificha nyuma ya uchache wa wataalamu.

Wewe, msomaji, si tabibu, wala sikutaki umpime mwenzako. Nakutaka mambo matatu yasiyohitaji shahada: usicheke, mngoje amalize neno lake, na umwambie mtu mzima kwamba kinywa hiki chahitaji kupimwa. Mimi nilikuwa na nafasi ya kuyatenda yote matatu asubuhi moja, nisitende hata moja. Wewe nafasi yako ingali mbele.