Sisi Si Watu wa Mdomo Tu



Siku moja niliingia katika darasa la mwaka wa mwisho na kitabu mkononi. Hakikuwa kitabu cha mpango wa masomo. Kilikuwa cha mtu aliyesimulia maisha yake mwenyewe. Mwanafunzi mmoja, kijana mwenye akili sana, akanyoosha kidole: "Mwalimu, hiyo buku, batatuuliza yayo ku ekzame?" Nikamujibu hapana. "Sasa tuisome juu ya nini?"

Darasa zima likacheka. Mimi nami nikacheka, lakini usiku sikulala vizuri. Yule mutoto hakukosa. Alirudilia tu yale tunayomufundisha sisi wakubwa, kwamba kitabu ni dawa ya ekzame: ukishapona, unatupa chupa.

Lakini kosa la watoto ni dogo. Kosa kubwa ni letu sisi tunaojiita wapenda desturi. Mara ngapi nimesikia, hata katika mikutano ya mashirika kama hili letu, mtu mwenye diplomi yake anasimama na kusema: "Sisi Waafrika tuko batu ba mudomo. Mambo ya buku ni ya bazungu." Tena anamuleta Amadou Hampâté Bâ wa Mali kama shahidi, kwa sababu ya ule usemi wake wa mwaka 1960, pale UNESCO, alipofananisha kifo cha mzee na maktaba inayoungua.

Ninauliza: huyo Hampâté Bâ alifanya nini yeye mwenyewe? Je, alikaa chini ya muti akingojea kuungua? Hapana! Alishika kalamu, akaandika utoto wake na ujana wake kwa urefu. Kitabu cha kwanza, Amkoullel, kilitoka mwaka 1991, mwaka uleule aliokufa. Cha pili kilifuata mwaka 1994. Wanaomutaja ili wasisome, basi, hawakumusoma. Yeye alipiga kelele kwamba nyumba inaungua. Sisi tumegeuza kelele yake kuwa wimbo wa kujisifu.

Wengine watasema: vitabu hivyo viko katika Kifaransa, vya watu wa mbali. Basi tuje kwetu, na katika lugha yetu. Hamed bin Muhammed, yule tunayemuita Tippu Tip, aliandika maisha yake katika Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mujerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903, Tippu Tip angali hai. Alikufa Zanzibar mwaka 1905. Humo ndani iko Maniema, iko Kasongo, ziko njia za pembe na za watumwa zilizopita katika inchi yetu. Mutu huyu aliumiza babu zetu, sitamutetea. Lakini someni namna alivyopata utawala wa Utetela. Alikuwa amesikia kwamba dada za mufalme mmoja mzee walitekwa zamani katika vita. Akajitangaza kuwa mujukuu wa mmoja wao. Mzee akamuamini, akamuachia utawala!

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatembea chumbani. Nilikasirika, tena nilicheka. Ndiyo utamu ninaousema. Hadithi ya sungura na fisi ni tamu, lakini ukiisha kucheka, fisi hakudai kitu. Habari ya kweli inakufuata hadi kitandani. Unamukamata mutu katika maneno yake mwenyewe. Unamubishia kana kwamba amekaa kwenye kiti mbele yako. Mutu akiandika juu yake mwenyewe anaweza kudanganya, ni kweli. Lakini anajianika kama nguo kwenye kamba, na matundu yanaonekana.

Sasa tuje karibu zaidi, hapa Lubumbashi. Mwaka 1965, mji ukiitwa bado Elisabethville, André Yav, aliyekuwa amefanya kazi ya boyi, aliandika historia ya mji huu kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani. Aliandika Kiswahili chetu cha hapa, kile ambacho watu wa pwani wanakicheka. Aliandika mji kwa macho ya wale waliopika, waliofua, waliofungua milango ya wazungu. Ni watu wangapi kati yetu, wenye diplomi ya historia, wamekisoma? Kilichapishwa ng'ambo mwaka 1990, kwa kazi ya Johannes Fabian akisaidiwa na Kalundi Mango. Na sikilizeni neno hili: ili maandishi yale yaeleweke vizuri, Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti. Mdomo ulisaidia kitabu. Nani basi aliyetuambia kwamba mdomo na kitabu ni maadui?

Naandika kwa uchungu, na nitasema sababu yake. Baba yangu mukubwa alikuwa mpishi katika nyumba za wazungu kabla ya uhuru. Alikuwa na kaye tatu, alizoandika kwa bic ya bleu: mishahara, majina ya mabwana, siku za vita, siku watoto walipozaliwa. Alikufa mwaka 2003. Baada ya matanga, jamaa waligawanya baiskeli, redio, masufuria. Kaye zilikwenda kwa mama mmoja muuza karanga. Nilikuwapo. Nilikuwa mwanafunzi wa taasisi ya ualimu, nikijifunza namna ya kufundisha watoto kusoma! Sikusema neno, kwa sababu machoni pangu zile hazikuwa buku. Miaka ikapita, nikamusoma Yav, ndipo nikaelewa kile kilichofungia karanga. Hakuna mutu wa kuniambia tena kwamba ni desturi ya Afrika iliyopoteza kaye zile. Nilizipoteza mimi.

Najua jibu lenu: vitabu ni bei kali, maktaba ni chache, mishahara ya walimu munaijua. Ni kweli kabisa. Lakini kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti kwenye baraza jioni kinatosha watu kumi, na wazee watasahihisha, watabisha, wataongeza yao. Hiyo ndiyo desturi yetu, nayo inapata chakula kipya. Na kaye tupu haiko bei kali.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Katika shirika letu, kila mukutano uanze na kurasa mbili za maisha ya mutu, zisomwe kwa sauti. Na kila mumoja wetu aende nyumbani aangalie chini ya kitanda cha mzee wake, kabla ya muuza karanga kufika.

Na yule kijana wangu nimemujibu. Nilimuambia: soma maana siku moja watoto wako watakuuliza wewe ni nani, na hiyo ekzame haina sesio ya pili.