Usukani Mwepesi Usikudanganye

Wakati wa mavuno wengi wetu hukodi lori kupeleka magunia sokoni, na mara nyingi kijana wa nyumbani huketi karibu na dereva ili aangalie mali. Basi yafaa tujue jambo moja: dereva hashiki magurudumu, hushika usukani tu. Kati ya mikono yake na barabara viko vyuma vingi, na kila kimoja chaweza kulegea.

Tazama chini ya lori, upande wa mbele. Katika malori mengi utaona ekseli, chuma kizito kilichokingama toka gurudumu hata gurudumu, nacho kimefungwa kwenye springi za mabapa. Kila mwisho wa ekseli ipo pini nene iliyosimama. Mafundi huiita kingpini. Gurudumu hugeuka kwa pini hiyo kama mlango kwa bawaba zake.

Magurudumu yote mawili huunganishwa kwa chuma kirefu ili yageuke pamoja, lakini hayageuki sawasawa. Lile la ndani ya kona hukata zaidi, maana duara lake ni dogo. Ufundi huo ulibuniwa na Mjerumani mmoja mtengeneza magari ya farasi, Georg Lankensperger, na Rudolph Ackermann akauandikisha London mwaka 1818. Malori ya leo yangali yakiufuata.

Tena pini ile haikusimama wima kabisa. Kichwa chake kimelala nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baisikeli. Ndiyo maana dereva akilegeza mikono baada ya kona, usukani hurudi wenyewe.

Sasa tutazame ubovu wake. Kingpini isiyopata grisi huliwa polepole. Bandu bandu huisha gogo. Boliti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli yaweza kusogea nyuma upande mmoja, na lori huvuta upande huo huo safari nzima.

Fundi hupima hivi. Hukinga magurudumu ya nyuma, huinua la mbele kwa jeki na kuweka egemeo imara, kisha hulishika juu na chini na kulitikisa. Likicheza, mwenzake hukanyaga breki. Mchezo ukiisha, beringi ndizo zilizolegea. Usipoisha, tazama kingpini.

Lakini uko ubovu mwingine tunaouleta sisi wenye mizigo. Magunia yakirundikwa nyuma kupita ekseli ya nyuma, lori huwa kama pembea ya ubao: nyuma hushuka, mbele huinuka. Matairi ya mbele hayakanyagi ardhi kwa nguvu. Usukani huwa mwepesi, na dereva asiyezoea hufurahi. Asifurahi! Akifika kwenye kona yenye mchanga au tope, atakata usukani nalo lori litakwenda moja kwa moja.

Kwa hiyo siku ya kupakia, pangeni magunia toka mbele, yaenee sawasawa, wala yasizidi uzito ulioandikwa kwa lori hilo. Na dereva akisema, “Lori linavuta,” au, “Usukani unacheza,” msimharakishe kwa ajili ya soko. Mwacheni amwite fundi kwanza. Siku moja ya soko ikipotea, nyingine yaja.