Riba ya Kikoba Inarudi kwa Nani?

Jumapili iliyopita hapa Kibondo nilimsikia mhubiri mmoja, mtu mwenye elimu na taadhima yake, akiwaonya kina mama hadharani ya kwamba vikoba ni ndugu wa mikopo ya kausha damu, vinavunja ndoa na kuwafilisi maskini, na ya kwamba mwenye akili timamu huipeleka fedha yake benki. Na kanisa zima, pamoja na wanawake walioketi mbele yake katika vitenge walivyovinunua kwa gawio la vikoba hivyo hivyo, likaitikia amina. Mimi sikuitikia, na tangu siku ile moyo wangu haujatulia, kwani dhana hii, ambayo aghalabu nimeisikia sokoni na vijiweni kutoka Kasulu hata Kakonko, sasa imepanda mimbarini.

Nauliza swali moja tu: riba inarudi kwa nani? Mkopeshaji wa kausha damu ni mtu baki, aliyekuja na fedha yake na atakayeondoka nayo pamoja na jasho la mkopaji. Kikoba hakina mtu baki. Wanachama hununua hisa kila wiki, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, fedha ikahesabiwa mbele ya macho ya wote, ikafungiwa katika sanduku lenye makufuli 3 ambayo funguo zake zimo mikononi mwa watu 3 mbalimbali, na sanduku lenyewe likalala kwa mtu wa nne asiyekuwa na ufunguo hata mmoja. Na mwaka ukitimia, kikoba kinapovunjwa, kila shilingi ya riba aliyolipa mama kwa mkopo wa mbegu za maharage hugawanywa kwa hisa, naye mwenyewe akapokea fungu lake. Hiyo ni dhuluma ya nani juu ya nani?

Shangazi yangu wa Mabamba, aliyetaka mtaji wa kununua maharage wakati wa mavuno ili ayauze bei ikipanda, alikwenda benki moja akaulizwa hati ya kiwanja, karatasi ya mshahara na wadhamini wenye ajira, ilhali maisha yake yote amelima shamba ambalo kijiji kizima kinajua ni lake na hakuna karatasi isemayo hivyo. Wenzake wa kikundi hawakumuuliza karatasi. Walitazama hisa zake, wakampa mara 3 ya alichoweka, wakamdhamini wao wenyewe, kwa kuwa mwenendo wake wanaujua.

Wala kuhesabiwa kuwa hatukopesheki si jambo geni. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, ambayo kwayo aliyemkopesha Mwafrika bila ya idhini ya serikali hakuweza kumdai mahakamani. Nao wazee wetu wa Buha, wakikabiliwa na kodi ya kichwa, wakashika njia ya mashamba ya katani ya Tanga. Mkoloni alisema anatulinda. Mhubiri naye anasema anatulinda.

Na hiyo benki anayotusifia je? Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki 5 kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa benki ya ushirika ya wakulima wa jirani zetu wa Kagera, na bima ya amana haikumhakikishia mtu zaidi ya shilingi 1,500,000. Katika mimbari ile sikusikia neno, kama nisivyolisikia mwaka 2021 tulipotozwa tozo juu ya miamala ya simu, ambayo kwa mtu wa kijijini ndiyo benki yake.

Wanasema ndoa zinavunjika kwa kuwa mke huchelewa kurudi kutoka kikaoni. Hoja hii ni aibu hata kuijibu: kikao cha mara moja kwa wiki kivunje ndoa, na pombe ya mume ya kila jioni isiivunje? Ndoa inayobomolewa na mke kuwa na ada ya mtoto mkononi ilikwisha kubomoka zamani.

Vikundi hivi Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua na kuviweka katika daraja la nne. Na kausha damu, anayeitwa ndugu yao, yeye humtafuta nani? Humtafuta mwalimu na mtumishi, mwenye mshahara na akaunti, akamchukulia kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri iwe rehani, na mwisho wa mwezi akafika kwenye mashine kabla yake. Mtu huyo benki anayo. Waumini wa namna hiyo wamo humo humo kanisani, na wale walioshika kadi zao mhubiri hakuwakemea. Aliwakemea kina mama.