Aliyepunguzwa tumbo arudishiwe mboga polepole

MDOGO wangu, ambaye huuza mitumba mpakani Busia, alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo mwaka jana. Uzani ulikuwa umemlemea, magoti yakimuuma na sukari imepanda, na daktari ndiye aliyemshauri. Alirudi salama hapa Kiyeyi. Siri hiyo tuliijua sisi wawili tu.

Wiki ya tano tukawa na matanga. Shangazi alimpakulia ugali wa wimbi na kabichi iliyopikwa juu juu. "Kula mwanangu, umekonda sana," alimwambia mbele ya watu. Mdogo wangu aliona haya kukataa, akameza matonge matatu. Alitapika usiku kucha, hata maji hayakukaa tumboni. Hospitalini tuliambiwa kuwa kabichi ilikuwa imekwama.

Simlaumu shangazi, kwani hakuambiwa lolote. Naandika haya kwa sababu najua wako wengine kati yetu wanaorudi kutoka Nairobi, Ghuba au Uingereza wakiwa wamefanyiwa upasuaji kama huo, nao wananyamaza.

Sababu za kunyamaza zinaeleweka. Ukimwi ulipozuka Uganda miaka ya 1980, watu waliuita silimu kwa jinsi ulivyokondesha. Tangu hapo, anayekonda ghafla hunong'onezwa. Isitoshe, sisi tuliokulia uhamishoni tulifunzwa adabu ya mkimbizi. Vita vilipotuondoa Tororo mwishoni mwa miaka ya 1980, nilisomea Kenya nikiishi kwa watu, na mama alitukanya tusikatae chakula cha mwenyeji kamwe. Adabu hiyo ilitulinda wakati ule. Kwa mtu aliyepunguzwa tumbo, yaweza kumuua.

Yafaa basi tuelewe jambo lenyewe. Katika aina moja ya upasuaji huu inayofanywa sana, madaktari huondoa takriban robo tatu ya tumbo au zaidi, na kinachobaki ni kama mrija mwembamba. Kwa kawaida mgonjwa huanza na vinywaji vitupu kwa wiki mbili hivi, kisha vyakula vilivyopondwa kama uji mzito, kisha vyakula laini, na hurudia vyakula vya kawaida baada ya wiki sita hadi nane. Daktari wake ndiye anayepanga siku hasa.

Mboga hurudi kwa utaratibu huo huo. Hutangulia zile zinazoiva zikapondeka, kama vile malenge na karoti. Hufuata majani yaliyotolewa vijiti na kupikwa hadi yakalegea. Kabichi mbichi, kachumbari, vijiti vya sukuma wiki na mahindi ya kuchoma husubiri hadi mwisho, kwani nyuzi na maganda yake hayasagiki upesi. Ajaribu mboga moja kwa siku, vijiko viwili vitatu, atafune sana, na akihisi kifua kinabana aache. Aanze na yai, samaki au maharage yaliyopondwa, kwa kuwa nafasi ni ndogo na mwili unahitaji protini kwanza. Maji asinywe pamoja na chakula. Angoje kama nusu saa. Soda aiache.

Hapo ndipo sisi wa mpakani tuna bahati. Karatasi aliyopewa mdogo wangu ilikuwa ya Kiingereza, ikitaja brokoli na mboga nyingine ambazo hatujawahi kuziona sokoni kwetu. Ilhali mrenda, ambao huteleza wenyewe, upo tele. Kunde changa na managu vikichemshwa vyema hulainika pia. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuonyesha kuwa mboga hizi za kienyeji, ambazo wengi waliziona magugu, zina madini na vitamini kwa wingi. Hata hivyo mboga peke yake hazitoshi. Aliyepasuliwa huhitaji vidonge vya vitamini na madini alivyoandikiwa, na mara nyingi ni vya maisha. Na akitapika siku nzima bila kutulia, asipewe mitishamba. Apelekwe hospitali, kwa sababu ukosefu wa vitamini B1 unaotokana na kutapika huko waweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu.

Kwa hivyo nasihi yangu ni tatu. Hospitali zinazofanya upasuaji huu ziwape wagonjwa maelezo kwa Kiswahili na lugha zetu, yakitaja vyakula vya soko letu. Jamaa nao waache kuuliza "mbona umekonda?" na badala yake waulize "nikupikie nini?" Nawe uliyepasuliwa, mwambie angalau yule anayekupikia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Siku mbili baada ya kutoka hospitali, mdogo wangu alimwita shangazi jikoni akamweleza yote. Shangazi alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Ningekupikia chungu chako." Tangu siku hiyo kuna chungu kidogo cha mrenda pembeni mwa kile kikubwa. Mdogo wangu amerudi kwenye kibanda chake, na kikopo chake cha chakula hakimtoki mkononi.