Tanga, dizeli na umeme: Je, watatu hawa wataelewana chomboni?

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ndivyo walivyonena wahenga wetu wa pwani, ambao maisha yao yalikuwa ya baharini. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, nayo ngama ni pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Siku hizi huko ngamani ndiko kulikozuka ubishi miongoni mwa wenye mashua za tanga katika nchi nyingi: je, injini ya dizeli ing'olewe ipishe mota ya umeme, au viwili hivyo viwekwe pamoja?

Huenda wewe msomaji unayeishi Umoja au Kisauni unajiuliza jambo hili lakuhusu nini. Lakuhusu sana. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria jijini Nairobi mwaka 2022, na pikipiki za umeme si ajabu tena. Lakini betri ya pikipiki ikiisha, mwenyewe ataisukuma hadi kando ya barabara. Mashua ikiishiwa nguvu kwenye mlango wa mwamba, maji yanapwa kwa kasi na upepo umekufa, itasukumwa na nani? Hapo pana roho za watu.

Ikumbukwe kwamba injini ya kwanza ya mashua ya tanga ni upepo wenyewe. Injini ya mafuta huhitajika kwa muda mfupi tu: kuingia na kutoka bandarini, kupita mahali pembamba, au kujikokota upepo unapolala. Ajabu ni kwamba matumizi haya machache ndiyo yanayoidhuru dizeli. Injini hiyo hupenda kazi nzito na ndefu. Ikiwashwa dakika ishirini kisha ikazimwa, haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui sawasawa, na masizi hujijenga ndani. Hapo ndipo wazo la mtambo mseto lilipopata mashabiki.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1838, mwanasayansi Moritz von Jacobi aliendesha mashua kwa umeme wa betri katika Mto Neva, mjini St Petersburg, Urusi. Mwaka 1903, meli ya mafuta iliyoitwa Vandal ilianza kazi huko huko Urusi, katika Mto Volga. Injini zake za dizeli hazikuzungusha rafadha moja kwa moja. Zilizalisha umeme, nao umeme ukazungusha mota za rafadha. Sababu ilikuwa nyepesi: dizeli za wakati huo hazikuweza kwenda kinyumenyume, ilhali mota ya umeme hugeuka upesi. Nyambizi za vita kuu zote mbili nazo zilitumia dizeli juu ya maji na betri zilipozama.

Mtambo mseto wa mashua huja kwa namna mbili. Ya kwanza ni ile ya Vandal: dizeli ni jenereta tu, na rafadha haijui chochote ila mota. Ya pili ni ya sambamba: dizeli na mota zote zimeungwa kwenye mtaimbo mmoja wa rafadha, na nahodha huchagua atumie ipi. Ya kwanza hukuruhusu kuiweka jenereta popote penye nafasi. Ya pili ina usalama zaidi, kwani kimoja kikifa, kingine kipo.

Sasa na tupige hesabu, nanyi wanafunzi wa fizikia mshike kalamu. Chukua mashua ya urefu wa mita 10 hivi yenye injini ya nguvu-farasi 30, yaani kilowati 22, inayoipeleka maili saba za baharini kwa saa. Sheria ya maji ni kwamba ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu thumuni, yaani moja kwa nane. Kwa hivyo maili tatu na nusu kwa saa zahitaji kilowati tatu tu, au pungufu kidogo.

Umeme wa betri huhesabiwa kwa yuniti zile zile unazonunua kwa tokeni nyumbani. Betri ya lithiamu ya yuniti 10 ina uzito wa kilo 100 au karibu na hapo, kupita gunia la mahindi. Tuseme unatumia yuniti nane na kubakiza akiba. Kwa mwendo wa pole utakwenda takribani saa tatu, maili kumi hivi za baharini, ambazo ni kama kilomita 18. Kwa mwendo wa kasi, betri hiyo hiyo itakwisha kwa dakika 22, nawe hujafika hata maili tatu!

Linganisha na dizeli. Lita moja ina nishati ya yuniti 10 hivi, na hata injini inapopoteza sehemu kubwa kwa joto, yuniti tatu hivi hufika kwenye rafadha. Basi kilo 100 za betri zafanya kazi ya lita tatu za dizeli. Hii ndiyo sababu wenye mashua za safari ndefu hawako tayari kuitupa dizeli, hata wakiipenda mota kiasi gani.

Wapo walioonja uchungu wa hesabu hii. Katika miaka ya 2000, kampuni ya Lagoon ya Ufaransa iliuza katamarani yake aina ya 420 ikiwa na mtambo wa dizeli na umeme, kwa betri za risasi. Betri hizo ni nzito mara tatu kuliko za lithiamu, na ukizitumia kupita nusu ya uwezo wake huzeeka mapema. Tena, dizeli inapozalisha umeme, umeme ukaingia betrini, kisha ukatoka kwenda kwenye mota, kila hatua hutoza ushuru wake. Kwa safari ndefu ya injini, mtambo wa namna hiyo hauokoi mafuta. Baadaye aina hiyo iliuzwa kwa injini za kawaida.

Je, faida iko wapi basi? Iko katika safari fupi, na iko katika tanga. Chombo kinapokwenda kwa upepo, maji huizungusha rafadha, nayo mota hugeuka kuwa jenereta. Mashua iendayo maili sita kwa saa yaweza kupata wati mia kadhaa, ingawa mwendo hupungua kidogo. Kwa safari ya saa kumi utapata yuniti mbili au tatu, za kutosha taa, redio na jokofu. Aidha, mota haina moshi wala kelele, na hutoa nguvu yake yote tangu inapoanza kuzunguka, jambo linalomfaa nahodha anayelisogelea gati polepole.

Hatari nazo zipo. Mitambo mingi ya mashua hutumia volti 48. Mota ya kilowati 10 hapo huvuta zaidi ya ampia 200. Gawanya mwenyewe wati kwa volti uone. Mkondo huo wataka nyaya nene, viungo vilivyokazwa, na fyuzi karibu kabisa na betri. Maji ya chumvi hula shaba, kwa hivyo betri zisilazwe ngamani penye maji. Betri za risasi hutoa haidrojeni zikichajiwa, gesi inayolipuka kwa cheche moja, nazo zahitaji hewa. Za lithiamu zahitaji kifaa cha kuzisimamia zisichajiwe kupita kiasi. Fundi wa simu za mkono asipewe kazi hii.

Wako wasemao mshika mawili moja humponyoka. Wengine hujibu kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wote wana haki, kutegemea safari. Mashua ya watalii inayotoka asubuhi na kulala gatini penye umeme yaweza kuishi kwa mota na betri peke yake. Mvuvi aendaye mbali nje ya mwamba abaki na dizeli yake, aitunze. Mseto wa sambamba unamfaa aliye kati ya hao wawili, mwenye fedha za kununua mitambo miwili na fundi wa kuitengeneza yote.

Fundi huyo ndiye adimu. Lamu wapo mabingwa wa kuunda mashua kwa mikono, na vyuo vyetu vya ufundi vina vijana wanaosomea umeme. Mzazi mwenye kijana anayependa nyaya, mpe nafasi likizo ijayo akae na mafundi wa vyombo, ajifunze mkuku na mataruma ni nini. Siku mota zitakapojaa mashuani, nahodha atamtafuta mtu anayeyajua mambo yote mawili. Akimkosa, marejeo yatakuwa ngamani kweli, tena kwa ndoo ya kufulia maji.