Shangazi, tusipake rangi alama ya maji

Wasomaji wangu, samahanini kwa ukimya. Nilikuwa Rufiji, na safari hii sikumfuata mheshimiwa yeyote kwenda kuzindua kisima. Shangazi yangu anauza nyumba yake ya Muhoro ili ahamie Kibiti kwa binti yake, na alinipigia simu akitaka nimtumie shilingi milioni tatu na nusu "za kuipendezesha kidogo."

Milioni tatu na nusu, jamani, kwa mshahara wa mwandishi wa habari! Nikaona bora nipande basi pale Mbagala nikaione kwanza hiyo nyumba inayotaka kupendezeshwa.

Kwa wasiopajua: ukitoka Kibiti unapita Ikwiriri, unavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha mbele unaiacha barabara kuu ya Lindi na kuingia kushoto, upande wa delta. Muhoro ni pa zamani. Wajerumani walikuwa na boma lao pale, na ndipo walipomnyonga Kinjikitile mwaka 1905. Pia ni bondeni, na hapo ndipo hadithi yangu ilipo.

Nyumba yenyewe ni ya tofali za saruji, vyumba vitatu na sebule, choo nje. Ukiingia sebuleni unakutana na mstari wa rangi ya udongo ukutani, usawa wa kiuno changu, umezunguka nyumba nzima kama mkanda. Ni alama ya maji ya Aprili 2024.

Dalali alikuwa ameshampa shangazi orodha: dari ya jipsamu milioni moja na laki mbili, marumaru za sebuleni laki tisa, rangi ndani na nje laki nane, geti laki sita. "Mnunuzi ananunua kwa macho, mama," ndivyo alivyomwambia. Dalali anakula asilimia yake kwenye bei, lakini saruji hanunui yeye. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini kila dalali anapenda marumaru.

Mimi nilikuwa na swali moja tu kwa kila kitu kwenye ile orodha. Je, mnunuzi akikikosa atakimbia, au atakiweka mwenyewe akishahamia? Rangi ataipaka mwenyewe, tena rangi anayoitaka mke wake. Geti ataliweka mwenyewe. Dari ya jipsamu ndiyo kichekesho kabisa, kwa sababu paa lenyewe linavuja, na jipsamu ikilowa inavimba na kuanguka. Hata hapa Dar nimeshuhudia Sinza mtu anaweka marumaru mpya nyumba nzima, anauza, na mnunuzi anakuja na tingatinga. Alichokuwa anakitaka ni kiwanja. Marumaru zote zikaondoka na kifusi.

Vinavyomkimbiza mtu Muhoro ni vingine. Bati sita zilikuwa zimeoza kwa kutu. Choo kilikuwa kimetitia tangu mafuriko, na shangazi alikuwa anaazima kwa jirani. Nyumba isiyo na choo hata uipake dhahabu, mtu akiuliza "maliwatoni wapi?" biashara imekwisha. Plasta ya chini ya ukuta nayo ilikuwa inamwagika ukiigusa kwa kidole. Bati, choo na plasta, pamoja na ufundi, havikufika milioni moja na laki mbili. Hizo nikakubali kutoa, kwa awamu.

Kwenye paa nikaona jambo lililonifurahisha. Boriti za mikandaa alizoweka marehemu mjomba zimenyooka vilevile, wakati mbao zilizonunuliwa dukani miaka ya karibuni zimeliwa na mchwa. Si ajabu majahazi yalizibeba boriti za delta hii hadi Unguja na Ghuba kwa karne nyingi. Siku hizi mikoko ni hifadhi, huikati bila kibali, kwa hiyo nilimwambia fundi asiguse hata moja.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho dalali hakukiandika kabisa. Nyumba ilikuwa bado ya marehemu mjomba. Hakuna aliyefungua mirathi, kwa hiyo shangazi alikuwa anauza mali ambayo kisheria hakuwa na mamlaka ya kuiuza peke yake. Akitokea mtoto mmoja wa marehemu akaenda mahakamani baada ya mauzo, mnunuzi analia na yeye shangazi analia. Na kwa kuwa ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie. Kwenda Mahakama ya Mwanzo na kukaa na wazee kuhakiki mipaka kumetugharimu nauli, muda na soda. Kwa maoni yangu hilo ndilo boresho kubwa kuliko yote tuliyofanya, na halionekani kwa macho.

(Risiti za saruji tumezitunza. Kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 10, na gharama za kuboresha zinatolewa kwanza kabla ya kupiga hesabu. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi inasamehewa kama faida haizidi milioni 15. Shangazi huenda asidaiwe kitu, lakini karatasi haiozi.)

Tuligombana kwenye mstari ule wa ukutani. Shangazi alitaka upakwe rangi. "Ukimwonyesha mtu hiyo alama, mwanangu, nani atanunua?" Nilikosa jibu la haraka, kwa sababu anachosema ni kweli na hela anaihitaji yeye, si mimi.

Lakini fikirini. Mrufiji halisi haitaji alama. Anajua mto huu unafurika tangu enzi za babu zake. Anajua mafuriko ya 1968, ambayo serikali iliyafuatisha na Operesheni Rufiji ya kuwahamishia watu juu, na anajua kwa nini wengi waliendelea kushuka kulima na kulala kwenye madungu: maji yaleyale ndiyo yanayoleta rutuba ya mpunga. Mwaka 2024 wengi bondeni walilinyooshea kidole Bwawa la Julius Nyerere. Serikali ikasema bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Siingii humo leo. Ninachosema ni kwamba rangi ile ingemdanganya mtu mmoja tu, yule mgeni anayetoka Dar na akiba yake ya miaka kumi, asiyejua aulize nini. Plasta mpya inaufanya ukuta uwe imara. Rangi juu ya alama haiufanyi ukuta chochote, inamfanya mnunuzi kipofu.

Tukaafikiana plasta ipigwe pale ilipomomoka, rangi isipakwe, na bei ishuke kidogo. Shangazi hakufurahi. Siku mbili hakuniita "baba" kama kawaida yake.

Jumapili iliyopita akaja mtu, mfanyabiashara wa Temeke anayetaka kuanza kununua ufuta huku. Akazunguka, akatazama bati, akapiga ukuta kwa kiganja. Akauliza mbona huku chini plasta mpya na juu ya zamani. Nikafungua mdomo, shangazi akaniwahi. Akaweka mkono kiunoni.

"Maji yalifika hapa, baba. Wiki tatu hatukulala humu."

Jamaa akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza choo kiko wapi, na karatasi za mirathi zikoje. Amesema atarudi Jumamosi na mkewe.